Gurudumu la Miaka

Saa tisa za usiku, Aprili, na theluji bado inaanguka
juu ya milima ya Cheviot kana kwamba haijui kalenda.
Kondoo wangu namba arobaini na moja amezaa mapacha,
kisha akasukuma tena, akasukuma,
hadi mji wa mimba ukamtoka nje
mwekundu, mzito, unafuka mvuke juu ya nyasi kavu.

Nimezalisha kondoo miaka hamsini.
Hili nimeliona mara mbili tu,
na mara zote mbili mikono ilikuwa ya Matthew;
mimi nilikuwa mshika taa.
Matthew sasa amelala makaburini Rothbury
na taa nimeivaa kichwani.

Daktari wa mifugo yuko Wooler, kwa ng'ombe wa watu.
Amesema saa mbili asubuhi.
Saa mbili ni maiti.

Basi nikaitoa simu, ile niliyoinunua kwa fedha taslimu,
ya kuweka salio kidogokidogo,
nikafuta kidole kwenye suruali, nikaandika:
kondoo kizazi kimetoka nje nifanyeje.
Ikafikiri. Ikafikiri tena.
*Maudhui haya ni ya watu wazima. Thibitisha umri wako.*

Nilicheka, magoti yangu yakiwa kwenye damu.
Nikaandika upya, bila kizazi. Nikaandika uke,
neno ambalo mama yangu hakuwahi kulitamka,
na simu nayo, kama mama, ikanifunga mdomo.

Ikaniletea gurudumu la miaka, nilisukume kwa kidole.
Likaanzia mwaka huu, wa hawa mapacha.
Nikasukuma. Ukapita mwaka tuliomzika Matthew.
Ukapita ule wa ugonjwa wa miguu na midomo,
tulipochoma kundi zima
na moshi ukakaa kwenye mapazia hadi kiangazi.
Ukapita mwaka wa Alison, aliyeishi siku nne.
Hapo kidole kikateleza kwa ute,
gurudumu likarudi juu kwa kasi,
nikaanza upya, nikapita pote pale tena.

Elfu moja mia tisa hamsini na sita.
*Asante. Sasa weka namba ya kadi ya mkopo.*

Sina. Katika maisha yangu sijakopa kitu ila ngazi.
*Basi piga picha ya uso wako.*
Nikajipiga: kofia ya sufu, mwanga pajini, damu shavuni.
Ikanitazama kwa muda.
*Hatukuweza kuthibitisha kwamba umetimiza miaka kumi na minane.*
Na chumvi yote hii niliyokula!

Nikampigia Wilf Robson, ng'ambo ya bonde.
Alipokea mlio wa pili. Hakuniuliza mwaka.
"Una sukari?" alisema.
"Osha kwa maji ya uvuguvugu, kisha mwagia kote,
usiione huruma. Itavuta maji, utanywea.
Halafu ngumi, Hester. Vidole vinatoboa.
Na akisukuma usishindane naye. Ngoja apumue."
Nikailaza simu kwenye nyasi, sauti juu.
Hakusema tena. Nilisikia birika lake likianza kuchemka,
na kiti kikivutwa.

Sukari ya chai, kilo moja,
na ile niliyoweka kwa keki ya Pasaka, juu yake.
Nikangoja. Ukanywea kweli.
Ukaingia polepole, kama soksi inayogeuzwa,
na nilipochomoa mkono hadi kiwiko, yule kondoo
akanigeukia kama mtu aliyeingiliwa mazungumzo.
"Umeingia," nikasema.
"Vyema," Wilf akasema, akakata.

Kulipokucha mapacha walikuwa wananyonya.
Simu ikatetemeka mfukoni; nilidhani ni yeye.
Tangazo. Kamari, farasi wa Newcastle,
dau la kwanza bure, gusa hapa tu.

Hilo halikutaka uso wangu.

Chai ya asubuhi ile niliinywa bila sukari,
na vidole vyangu vilinata hadi Jumapili.